Nzuri, ila

Alijaza fomu nzima kwa mstari mmoja.

Simaanishi alijaza haraka. Namaanisha alishika kalamu, akaiweka kwenye kisanduku cha sifuri mbele ya swali la kwanza, akaivuta chini bila kuinua mkono mpaka swali la kumi. Kisha akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akauliza: "Dada, chai bado ipo?"

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Masika yamekata, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeanza kujitokeza asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, na orodha za safari zimeanza kujaa. Ofisi ninayofanyia kazi hapa Moshi inapeleka wageni mlimani. Mimi mwenyewe si mtu wa mlima, ni mtu wa makaratasi: vibali, orodha za majina, barua pepe za wageni wanaotaka kujua kama huko juu kuna pa kuchaji simu. Siku hiyo tulikuwa na semina ya wagumu, na fomu niliitafsiri mimi.

Kwa mlio mbali na huku: mgumu ni mpagazi. Wenyewe wanaitana hivyo, sisi tunawaita hivyo, na hakuna anayelisikia kama sifa wala kama tusi. Anabeba kilo 20 za mzigo wa safari, zinapimwa kwenye mizani getini, juu yake anaongeza begi lake mwenyewe, halafu anampita mgeni njiani karibu anakimbia ili mahema yawe yamesimama mgeni atakapofika. Huyu wa mstari mmoja ni mbeba mahema. Nitamwita hivyo hivyo, kaka wa mahema.

Fomu ilikuwa ya kupima msongo wa mawazo. Mgeni wetu mmoja wa zamani, mtu wa saikolojia, aliituma pamoja na hela ya chai na vitafunwa. Kichwa cha semina kilisema "Afya ya Akili Kazini", na kabla hatujaanza kuna aliyeuliza kutoka viti vya nyuma: "Kwani sisi tumekuwa wa Mirembe?" Yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia.

Karatasi 26 zilirudi. Nyingi zilikuwa sifuri tupu.

Wiki sita sasa, na ule mstari haujanitoka kichwani.

## Kumi na sita

Fomu yenyewe si ya mchezo. Inatokana na kazi ya Sheldon Cohen na wenzake wa Marekani, mwaka 1983. Ya kwanza ilikuwa na maswali 14, hii fupi ya maswali 10 ikafuata 1988, na imeshazunguka dunia. Inauliza kuhusu mwezi uliopita: mara ngapi umehisi huwezi kuyadhibiti mambo muhimu ya maisha yako, mara ngapi umehisi matatizo yamerundikana mpaka yamekushinda. Sifuri ni "haijatokea kabisa". Nne ni "mara kwa mara sana".

Sasa kuna mtego. Maswali manne kati ya hayo kumi yamegeuzwa. Hayaulizi shida, yanauliza uzima: mara ngapi ulijiamini kwamba utayaweza matatizo yako, mara ngapi uliona mambo yanakwenda unavyotaka. Hapo alama zinahesabiwa kinyume, aliyejibu sifuri anapewa nne.

Nne mara nne, kumi na sita.

Kwa hiyo kaka wa mahema, kwa mstari wake mmoja, alisema kwamba mwezi mzima hajasumbuka hata mara moja, na mwezi huo huo hajajiamini hata mara moja. Fomu haina macho. Ikampa 16 kati ya 40, ikamweka kundi la kati. Nilikaa jioni ile na kikokotoo nikiandika 16, 16, 16, kama karani anayegonga mihuri.

Wachache walijaribu kujibu kweli, na hao ndio walionichanganya zaidi. Mpishi mmoja, mtu mzima, aliniita pembeni alipofika kwenye swali la mambo kwenda unavyotaka. "Dada, hapa niseme nini? Mambo hayaendi ninavyotaka mimi. Yanaenda anavyotaka Mungu. Niweke sifuri?" Swali la kuyadhibiti mambo muhimu ya maisha, kijana mmoja alilisoma kwa sauti, akauliza wenzake, "Kwani nani anayadhibiti?" Na lile la kukasirishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wako lilipata jibu ambalo nimelibandika ukutani juu ya meza yangu:

"Sasa nikasirikie mvua?"

Nililala na jibu langu tayari. Kwamba hii fomu imekuja na mtu wake ndani, mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba maisha yana usukani na usukani ni wake, kwa hiyo siku akiukosa anaumwa. Wagumu wetu hakuna aliyewahi kuwaahidi usukani. Basi ni mambo ya utamaduni, nikajiambia, na kaka wa mahema hakudanganya, aliulizwa swali la mtu mwingine.

Nikaona nimemaliza.

## Kusongwa, kujikaza

Msongo wa mawazo ni neno la redioni. Kitenzi chake, lakini, kila mtu anacho jikoni: tunasonga ugali. Watu wanasongamana stendi. Ni picha kali kuliko tunavyoisikia, ya mwiko na unga unaogeuzwa na kubanwa ukingoni mwa sufuria mpaka maji yaishe. Ila nenda sokoni Mbuyuni ukamuulize mama muuza ndizi kama ana msongo wa mawazo, atadhani unauza dawa. Vijana wao wana "stresi", neno la utani na la mapenzi: huyu ananipa stresi. Sisi wengine tuna maneno ya mwilini. Ana presha. Moyo unamwenda mbio. Kichwa kinamgonga. Usingizi hauji.

Ana mawazo.

Hilo la mwisho nimelitafuna sana. Ni wazo lile lile la kikao, la mtu aliyepata wazo zuri. Ukilipeleka kwenye wingi na kumpa mtu bila kuongeza kitu, hatuulizi mawazo gani. Tumeshaelewa hali chakula.

Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu wa homoni aliyekuwa Montreal, alieleza katika barua fupi kwenye jarida la *Nature* jinsi panya waliopigwa na baridi, waliojeruhiwa na waliopewa sumu walivyoonyesha mabadiliko yale yale mwilini. Mateso tofauti, jibu moja. Hapo sina ubishi: tezi zilizokaa juu ya figo hazijui kabila, na moyo wa mtu wa Rombo unakwenda mbio kama wa mtu wa Montreal. Kinachotofautiana ni kile mtu anachosema moyo ukianza kukimbia, anamwambia nani, na anaambiwa nini.

Sisi tunaambiwa: jikaze.

Yaani mtu anasongwa kutoka nje, halafu anatakiwa ajikaze kutoka ndani. Nilitafuta neno la heshima la kinyume chake, la mtu anayejilegeza kidogo apumue, nikaambulia "mlegevu". Jaribu kumwita hivyo mwanaume wa Kibosho mbele ya shemeji zake.

## Punguza mawazo

Miaka mitatu iliyopita nilipunguzwa kazi Dar. Hilo nililimudu. Simu zililia wiki nzima, pole, pole, pole sana. Majirani wakaja, wanajumuiya wakaja kusali, shangazi akatuma debe la mahindi kwenye basi akiwa hajaniuliza kama nina shida ya chakula. Nikarudi Moshi, nikatafuta, nikapata kazi hii.

Mwaka mmoja baadaye, nina mshahara, sina deni la kunikosesha amani, moyo ukaanza kwenda mbio.

Saa nane za usiku niko macho makavu. Nikajua ni presha, babu alikufa nayo. Nikaenda kituo kimoja cha afya hapa mjini, nikakaa foleni, nikafungwa ule mkanda mkononi: 118 kwa 76. Daktari alikuwa kijana na foleni ilikuwa ndefu. "Presha huna," akasema. "Ni mawazo tu. Punguza mawazo."

Kama chumvi.

Nilitoka na panadol na agizo la kupunguza. Sikumchukia yule daktari, na mpaka leo simchukii. Alisema tu kile ambacho sote tungesema. Kilichonikaa ni lile "tu". Na sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Nilipopoteza kazi nilikuwa na habari ya kusimulia. Sasa mtu ananisimamisha njiani, habari za kazi, najibu nzuri, na kweli zilikuwa nzuri.

## Ungo

Jumamosi moja nilipanda Uru kwa mama.

Hakuniuliza kitu. Alinitazama sekunde mbili zaidi ya kawaida yake, akaingia ndani, akatoka na ungo na maharage kama kilo tatu. Tukakaa kibarazani, ungo katikati, magoti yetu yakikaribia kugusana.

Mama anachambua maharage kwa kidole cha shahada. Anayasukuma matano matano kuja upande wake, na mkono wa pili unachomoa: kijiwe cheusi kinacholingana na punje, ganda, harage lililotobolewa na mdudu, analoliinua kwenye mwanga kwanza kana kwamba analipa nafasi ya kujitetea. Mimi naharakisha, napitwa na mawe. Yeye hasemi, anayaokota nyuma yangu. Huku anasimulia: binti wa jirani aliyeolewa Tanga amejifungua mapacha, ng'ombe bandani amegoma majani ya migomba, padre mpya anahubiri mpaka wazee wanasinzia. Kuhusu mimi, hakuna hata neno. Ilipita saa nzima, ikaja ya pili. Tulipomaliza aliyafunga kwenye mfuko, akanikabidhi. "Haya usiyachambue tena. Yameshakuwa masafi."

Usiku ule nililala mpaka saa kumi na mbili.

Baadaye sana, nikiwa nasoma soma kwa ajili ya hii semina, nilikutana na utafiti uliochapishwa 2007 na Shelley Taylor na wenzake wa Marekani, akiwemo Heejung Kim na David Sherman. Walichukua watu wenye asili ya Asia na wenye asili ya Ulaya, wakawapa mtihani wa kuwatia joto, wakapima kwenye mate kortiso, homoni inayopanda mtu akisongwa. Kabla ya mtihani, wengine waliandika barua ya kuomba ushauri na faraja kwa watu wao, wengine walitakiwa tu kulifikiria kundi wanalolipenda, bila kumweleza yeyote shida yao. Wenye asili ya Ulaya walipoa zaidi kwa kuomba. Wenye asili ya Asia walipoa zaidi kwa kukumbuka tu watu wao wapo, na kule kuomba kuliwatibua.

Najua, hao si watu wa Uru. Sitaki kuwavalisha wanafunzi wa Marekani kanga ya mama yangu. Ila nilipofika kwenye aya ile niliona ungo.

Nikamkumbuka na baba yangu mdogo. Yeye na baba waligombania mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, mpaka uliopandwa masale tangu enzi za babu, hawakusalimiana miaka. Siku moja asubuhi baba mdogo alisimama uani ameshika jani la sale. Hakuomba radhi kwa mdomo. Baba hakusema nimekusamehe. Jani likapokelewa, mbege ikaagizwa, na jioni walikuwa wanabishana kuhusu bei ya kahawa. Kwetu mtu akija na sale humrudishi.

Kwa hiyo nilikuwa na makala tamu kichwani. Kwamba watu wetu hawanyamazi, wanasema kwa ungo na kwa majani, na zile sifuri za wagumu ni lugha ambayo fomu haijasoma. Nilishaandika kurasa mbili.

Halafu kaka wa mahema akateremka mlimani.

## Ile fomu ina jina

Alipita ofisini kusaini malipo yake, uso umeungua, midomo imepasuka kwa baridi. Nikamuuliza kwa utani kuhusu ule mstari.

Akaangalia mlango kwanza.

"Dada, ile fomu ina jina."

Kweli. Juu kabisa, mstari wa kwanza: Jina kamili. Halikuwepo kwenye fomu ya mgeni. Nililiongeza mimi, kwa mazoea ya makaratasi, maana mimi fomu isiyo na jina siielewi. Na anayepanga nani apande safari ipi ni ofisi hii hii. "Ukiandika una matatizo ya akili," akasema, "mzigo utapewa?"

Hakuwa anasema jambo geni, mlimani ndivyo inavyokwenda. Jioni kambini mgeni anaulizwa kichwa kinauma, umekula, umelala, anabanwa kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni. Mgumu kichwa kikimpasuka kule kambi ya Barafu, mita 4,673, anatafuta panadol na kunyamaza, kwa sababu akishushwa siku zake zinakatika na tipu inapungua.

Utamaduni! Nilikuwa nimeutwika utamaduni mzigo wa mkataba.

Niliona aibu, na niseme kwa nini. Ile nadharia yangu ya majani na ungo niliipenda kwa sababu ilikuwa nzuri, lakini pia kwa sababu haikuidai ofisi hata senti. Ukishasema "watu wetu ndivyo walivyo", unaweza kufunga kompyuta ukaenda nyumbani. Nimewasikia wenye ofisi wakisema hivyo kuhusu wapagazi miaka yote: hawa wamezoea. Na mimi nilikuwa narudia yale yale kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Nikafuta kurasa mbili.

Kaka wa mahema hakuondoka, lakini. Alisimama pale anazungusha kofia mkononi, na bila kuulizwa akaanza. Mwezi wa tatu, wa nne na wa tano hakupanda hata mara moja, masika, safari chache na majina mengi. Mtoto wa kwanza amepangiwa kidato cha tano, mkoa wa mbali, na karatasi ya kujiunga imekuja na orodha: godoro, ndoo, shuka, fyekeo, nauli. "Usiku nakaa nahesabu. Nikifika mwisho naanza upya. Mke wangu akigeuka, najifanya nimelala."

"Kuna mtu umemwambia?"

"Nimwambie nini, dada? Hakuna kilichotokea."

## Hakuna kilichotokea

Hapo ndipo nilipokaa wiki nzima, na ndipo nilipo mpaka sasa.

Tukifiwa, ndani ya saa moja jamvi limetandikwa. Kuna sufuria za kuazima, daftari la rambirambi, wanawake wa kulala matangani, kijana wa kukata kuni, na mtu ambaye kazi yake ni kukaa karibu na mfiwa asibaki peke yake hata akienda chooni. Hakuna anayemwambia mfiwa apunguze mawazo. Ukiugua kuna zamu ya uji. Ukiunguliwa nyumba kuna mchango. Na kwa vile vidogo tuna pole, neno tunalolitoa bure kama maji. Pole na safari, pole na kazi, pole na kikohozi. Mgeni akijikwaa njiani msafara mzima unamwambia pole, naye anashangaa wanaomba radhi ya nini wakati hawakumsukuma.

Lakini hesabu vizuri. Kila pole ina "na" yake. Pole na kitu. Hatujawahi kumwambia mtu pole na Aprili.

Hata salamu yetu imejengwa hivyo. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu: "Nzuri, ila mama amelazwa." Mtu mgeni wa lugha anaona tumekosea, itakuwaje nzuri na mama yuko wodini? Hatukukosea. Nzuri ni mlango, ila ndiyo nyumba. Mwenye kusikia anasubiri hiyo ila, akiisikia anavuta kiti. Ila lazima ifuatiwe na kitu. Kaka wa mahema alikuwa na ila isiyo na kitu mbele yake. Na mimi, mwaka ule wa moyo kwenda mbio, vivyo hivyo.

Na mara nyingine anayekusonga na anayekupoza ni yule yule. Kila Desemba barabara ya kutoka Dar inajaa, Wachagga wanarudi kihambani, na wanaocheka kwamba tunarudi kuonyeshana magari hawajakosea sana. Mwaka niliopoteza kazi nilirudi na basi la usiku ili nishuke kabla hakujapambazuka. Nyumbani nilichinjiwa mbuzi, nikapewa supu ya kwanza, nikalala chumba nilichozaliwa. Hakuna mahali duniani panaponituliza kama pale. Hakuna pia mahali ambapo swali la "unaendeleaje mjini?" huniingia tumboni namna ile. Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili, sikuweza.

## Benchi la Harare

Kuna daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, aliyeanza 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare. Bibi anafundishwa kusikiliza, anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, mwenye shida anakaa naye. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, watu wakalikwepa. Bibi wenyewe ndio waliomwambia abadilishe jina. Kwa Kishona likawa *Chigaro Chekupanamazano*, na masikio ya Kiswahili yanaikamata ile "kupana", ndugu ya kupeana kwetu: kiti cha kupeana ushauri. Hapo hawatumii neno la kitabuni. Wanatumia *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, ambayo tangu 2013 imeingia hata kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Wamarekani. Ni mawazo yetu yale yale, na jina lake la ukoo. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya watu 573 kwenye zahanati 24: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nilifurahi, kisha nikapoa. Benchi hilo nikiliweka Uru, bibi atakayekaa hapo ni shangazi wa mtu. Jumapili inayofuata parokia nzima inajua nani halali usiku.

Ila somo la jina nilichukua. Niliandika fomu upya, nusu ukurasa. Nilianza kwa kufuta "Jina kamili". Nikafuta msongo, nikafuta afya ya akili. Niliuliza: Unalala? Ukiamka usiku, unahesabu nini? Ukikaa na nani moyo unapoa? Unadhani mwezi ujao utapanda?

Walijaza kwenye benchi la uani, wakazitumbukiza kwenye boksi la maji ya chupa. Safari hii hakukuwa na mistari. Kwenye "unahesabu nini" waliandika mpaka nyuma ya karatasi, ada, kodi, deni la duka, siku za safari. Mmoja aliandika neno moja tu, "baba". Kwenye "ukikaa na nani" kuna aliyeandika "ng'ombe".

Bosi alizisoma zote, nampa haki yake. Kisha akauliza: "Sasa wakishasema, tunafanya nini?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Mpaka sasa kilichopatikana ni kimoja: orodha ya zamu inabandikwa mlangoni mwezi mzima kabla, mtu ajue lini atapanda na lini hatapanda. Mbeba mahema mmoja aliipiga picha kwa simu akaenda nayo nyumbani.

## Na wewe

Ijumaa iliyopita alipita tena. Mtoto amesharipoti shuleni, godoro lilikopwa. Akaona boksi la maji bado liko chini ya meza yangu.

"Na wewe dada, ulijaza?"

Nikacheka, nikasema mimi ndiye niliyeitunga. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu lakini hataki ugomvi, akaaga.

Nilipobaki peke yangu nilichomoa karatasi moja tupu. Unalala? Niliishika kalamu juu ya swali hilo muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mtu angependa kuivuta tu chini mpaka mwisho.

Simu ikaita. Mama.

"Habari za kazi, mwanangu?"

"Nzuri," nikasema.

Hakusema kitu. Nilisikia maharage yakimwagwa kwenye ungo, na kuku wake, na upepo kwenye migomba.

"Nzuri, mama. Ila."